Mzazi aambiwe habari za nusu kaputi kabla ya kusaini, au anyamaziwe?

Wakuu naomba tulijadili hili. Kuna mama kasikia nusu kaputi inaua seli za ubongo wa mtoto, sasa anataka kuahirisha operesheni ya ngiri ya mwanae, na muuguzi mmoja akaniambia wazi kwamba mambo haya wazazi wasiambiwe kabisa, watakimbia wodi. Mimi napinga.

Habari yenyewe haijazushwa. Mwaka 2003 watafiti Marekani waliwapa watoto wa panya wa siku 7 dawa za usingizi kwa masaa 6, wakakuta seli nyingi za ubongo zimekufa. Ubongo mchanga unazalisha seli nyingi kuliko unazohitaji halafu unazipunguza wenyewe, kwa hiyo protini za kuua seli kama Bax na kaspasi zimejaa tele, na zinazozizuia ni Bcl-2 na wenzake. Dawa ikifanya Bcl-2 izidiwe, Bax inatoboa mitokondria (vinu vya nguvu vya seli), kinachovuja kinaamsha kaspasi na seli inakatwakatwa kutokea ndani. Kwa mtu mzima Bax imeshapungua sana kwenye ubongo, ndo maana seli zake haziondoki kirahisi hivyo (mzee kuchanganyikiwa baada ya operesheni ni suala jingine, tusilichanganye hapa).

Desemba 2016 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikatoa tahadhari kwa watoto chini ya miaka 3 na wajawazito wa miezi ya mwisho, ila ni dawa ikitumika zaidi ya masaa 3 au ikirudiwarudiwa. Hicho kipande cha mwisho ndo watu wanakiacha! Halafu kuna utafiti wa GAS, vichanga 722 wa ngiri katika nchi 7, karibu nusu walipigwa nusu kaputi, mara nyingi chini ya saa moja, wengine ganzi ya mgongoni wakiwa macho, walipofika miaka 5 wakapimwa akili na matokeo ya 2019 hayakuonyesha tofauti.

Sasa mama akiambiwa yote haya atakimbia nini? Ngiri ikinasa utumbo unaoza, na mtoto wa kichwa kikubwa (maji yamejaa kichwani) hawezi kusubiri miaka 3. Aambiwe, aulize operesheni itachukua muda gani, ganzi ya mgongoni inawezekana au la, na kama si ya haraka inaweza kusogezwa. Kumpa kalamu tu asaini wakati hajui kitu, mimi naona ni kumdharau.

Mnaosema wazazi wasiambiwe, leteni hoja.