Naomba ushauri: kufunga upya paa la shule baada ya kimbunga

Wadau, naombeni ushauri. Kimbunga kimeezua madarasa. Mabati mengi bado yanafaa, ila misumari imechomoka na kuacha matundu mapana. Kibaya zaidi, kenchi (fremu zinazobeba paa) zilikalia ukuta tu bila kufungwa, na upepo ulipoingia kwa chini ukanyanyua paa zima. Safari hii tutatumia skrubu zenye mpira: kila mgongo wa bati kwenye kingo, ambako upepo huvuta zaidi, na kila mgongo wa pili katikati.

Ninapokwama ni ukutani. Hakuna lenta, yaani boriti ya zege inayozunguka juu ya ukuta. Tumwage mpya juu na kuacha mikanda ya chuma ya kufungia kenchi ikichomoza, au tushushe nondo kozi (mistari ya matofali) kadhaa ndani ya ukuta? Watoto wanasomea chini ya turubai, jamani.