Mbao za paini: nitengeneze nini, na nizipake nini?

Mwanzisha mada

Habari za kazi, ndugu mafundi. Nimenunua mbao 20 za paini za inchi 1 kwa 8, urefu wa futi 12, zilizotoka Mafinga, kwa kuwa mninga umenishinda bei. Nilikusudia kutengeneza meza ya chakula na rafu ya vitabu, kisha nizipake vanishi yenye rangi ya mninga ili zifanane na milango ya nyumba. Nilijaribu kwanza kwenye kipande kimoja, na matokeo yamenisikitisha: sehemu nyingine zimenywa rangi hadi zikawa nyeusi, nyingine zimebaki njano, na kuzunguka kila kifundo utomvu unanata kidoleni. Je, kosa ni la vanishi, la mbao, au ni langu?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu yangu, kosa si lako, ndivyo paini ilivyo. Ukiutazama ubao kwa karibu utaona mistari myeupe mipana na mistari ya kahawia myembamba. Ile myeupe ni laini na hunywa rangi kama sifongo, ilhali ile ya kahawia ni migumu na huikataa, kwa hiyo ukipaka rangi nzito mpangilio unageuka: palipokuwa peupe panakuwa peusi.

Ukitaka kuendelea, piga msasa namba 120 kisha 180 kwa kufuata nyuzi, halafu paka mkono mmoja mwepesi wa sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao) iliyochanganywa na thina yake, usubiri ikauke, usugue kidogo, ndipo upake rangi. Vifundo vifute kwa thina, kisha uvifunike kwa shelaki (vanishi ya spiriti inayozuia utomvu) mara mbili, la sivyo utomvu utapenya hata rangi ya mafuta. Hata hivyo, kwa maoni yangu paini isilazimishwe kuwa mninga. Ipake vanishi isiyo na rangi, ukijua kwamba itazidi kuwa ya dhahabu kadiri miaka inavyopita, au uifunike kabisa kwa rangi ya mafuta.

Kabla ya yote hayo, je, mbao zimekauka? Zipange kivulini penye upepo, uweke fito kati ya safu na safu, na upime uzito wa ubao mmoja kila wiki hadi usipungue tena. Zile zenye moyo wa mti katikati zitenge mapema, kwa sababu hizo hujinyonga hata ukizipigia misumari, hasa zikiwa zimepasuliwa kutoka miti michanga.

Mchangiaji wa pili

Naomba niongezee kuhusu meza, kwa kuwa ninayo ya paini mwaka wa tano sasa. Miguu na fremu havijanisumbua hata kidogo, lakini uso wake ni laini mno: mwanangu aliandikia juu yake akiwa darasa la pili, na hesabu zake bado zinasomeka chini ya vanishi. Kama kuna uwezekano, uso uwe wa mbao ngumu na sehemu nyingine ziwe za paini. Kwa rafu, paini inafaa sana, ila usiache nafasi inayozidi sentimita 80 bila nguzo, maana vitabu ni vizito na ubao utabonyea.

Mchangiaji wa tatu

Hakikisha pia kwamba hakuna zenye rangi ya kijani. Mara nyingi hizo zimetiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, ambayo huzuia mchwa na kuoza. Zinafaa kwa paa, lakini usizitumie mahali panapogusa chakula, usivute vumbi lake, na vipande vyake visiwe kuni za jikoni. Zisizo na dawa zikae ndani ya nyumba tu, tena zisigusane na udongo.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana. Nimekagua, na hakuna hata moja ya kijani, ila nne zina moyo katikati na nimezitenga. Nitaanza na rafu ya rangi nyeupe yenye nguzo kila sentimita 75, na uso wa meza nitausubirisha hadi nipate mbao mbili za mkongo. Leo nimepima ubao mmoja kwa mizani ya jirani anayeuza mkaa, ukawa na kilo 13. Nitaupima tena Jumamosi ijayo.