Sefti valvu ya roboti inatema upepo kwenye 100 psi, kompresa haizimi

baba_binti
Wakuu habari za humu. Niko Minnesota huku nasaidia timu ya roboti ya shule ya binti yangu, yale mashindano ya roboti za shule yanayoitwa FRC. Shida ni upepo. Kompresa ikiwaka geji inapanda vizuri tu, ikigusa 100 psi (kipimo cha presha) sefti valvu, ile ya kutoa upepo presha ikizidi, inaanza psssss wakati ilitakiwa isubiri mpaka 125, mshale unaganda hapohapo, kompresa inaunguruma haizimi mpaka kile kiungo cha shaba inapotokea hewa hakishikiki kwa moto. Presha swichi ilitakiwa ikate kompresa kwenye 115 hivi ila hatufiki. Swichi imekufa au ni valvu? Vijana wanataka waikaze tu valvu waendelee.

spana_14
Kaza robo raundi mkuu, mbona kazi ndogo

fundi_upepo
@spana_14 acha hizo, utaua watoto wa watu. Mimi ni breki za upepo za malori miaka yote, hiyo 125 yenu ni kama baa 8 na nusu, si ya kuchezea. Valvu ikitema kuna mawili: imelegea, au geji inadanganya na ndani kweli kuna 125 maana swichi imegoma kukata. Sasa ukikaza kwenye hilo la pili si umeziba mdomo wa kitu pekee kinachowalinda? Fungeni geji nyingine pembeni ya hiyo, zikisoma sawa basi valvu ndo imelegea.

dada_selenoidi
Kweli kabisa. Na kuiseti valvu utahitaji kuunga zile waya mbili za swichi kwa muda, la sivyo swichi itakata kabla hujafika 125. Miwani machoni, mmoja mkono kwenye koki ya kutolea upepo, mwingine tayari kuizima roboti. Legeza loknati (nati ya kufungia valvu isijizungushe), kaza valvu kidogo kidogo ukiangalia geji, ikitema kwenye 125 shika hapo funga loknati, halafu usisahau kuzifungua zile waya!! Kompresa iache ipoe kati kati.

baba_binti
Nimerudi. Geji mbili zinasoma sawa, kwa hiyo ni valvu, loknati ilikuwa inacheza kwa vidole. Nikauliza nani kaigusa, kimyaa, baadaye kijana mmoja akakiri kwamba kila wakimaliza mazoezi yeye anaifungua hiyo sefti ndo anatolea upepo, eti koki iko ndani kabisa chini ya betri mkono haufiki 😂 Tumeseti 125, waya tumefungua, swichi inakata kwenye 116, ikishuka 95 kompresa inawaka tena.

fundi_upepo
Hahaha na koki je?

baba_binti
Yeye mwenyewe ndo anaihamishia nje leo jioni.