Mrejesho: Wale wanagenzi sita niliokabidhiwa saiti

Wakuu, nimerudi. Niliwaomba ushauri nilipokabidhiwa wanagenzi sita wa uashi kwenye saiti ya nyumba za kupangisha hapa Dodoma. Shida yangu ilikuwa moja: ufundi ninao, kufundisha siwezi. Kijana akikosea kozi moja tu, yaani mstari mmoja wa tofali, nampokonya mwiko namalizia mwenyewe.

Mmoja wenu akaniambia, "Fundi, mikono mfukoni." Nilicheka, ila ndiyo iliyoniokoa.

Wiki ya kwanza ilikuwa mateso! Siku ya kuseti msingi niliwapa futi, kamba na vigingi, basi. Mita 3 upande huu, 4 ule, mshazari ukisoma 5 kona imekaa skwea, yaani nyuzi 90 kamili. Wao wakapata 5 na sentimita 8. Nikanyamaza. Wakabishana, wakalaumu futi, wakalaumiana, hadi binti mmoja, mpole kuliko wote, akagundua kamba imeegemea jiwe. Tangu siku ile hawaniiti kukagua kona, wananiita kunionyesha.

Daftari la mafunzo bado linanishinda, nalijaza usiku kwa tochi ya simu. Na udongo wa kujengea, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga, wanauzidishia maji jua likiwaka, hilo bado tunagombana.

Wawili wameacha. Mmoja kapata bodaboda, mwingine posho ilichelewa mno, simlaumu. Wanne waliobaki wanapandisha ukuta wa nyumba ya pili. Jana tumeupiga timazi, umenyooka. Mwiko sijaugusa.