Tupeane uzoefu: lini ulipigwa na butwaa?

Ndugu zangu, naomba tusimuliane. Nianze mimi.

Mwaka 2016 nilikuwa uani napepeta mchele, simu ikaita. Kaka yangu akasema, "Dada, baba hatunaye." Sikulia, sikuuliza. Niliweka simu chini nikaendelea kupepeta, mpaka jirani akaja kunishika mkono. Ungo ulikuwa mtupu, mchele wote uko mchangani. Siku hiyo nilielewa kwa nini tunasema *kupigwa na* butwaa. Kushangaa unashangaa mwenyewe, na mdomo unapata hata "Lo!" au "Jamani!" Butwaa ni kofi. Sauti inakatika, mikono inabaki na kazi iliyokuwa nayo.

Wewe ilikukuta wapi?

Dar es Salaam: Mimi Kariakoo. Nashuka kwenye daladala, napapasa mfuko: simu haipo, na ada ya mwanangu, shilingi 180,000, haipo. Nikasimama palepale njiani, wasukuma mikokoteni wananipigia kelele niwapishe, miguu haitaki. Kilichoniuma zaidi ni watu kusema, "Kazubaa huyu, ndiyo maana kaibiwa." Hapana! Anayezubaa huzubaa kabla ya kuibiwa. Mimi nilipigwa na butwaa baada ya kuibiwa. Tusiyachanganye maneno haya jamani, kuzubaa kuna lawama ndani yake.

Mombasa: Pole sana. Kwetu nyanya akikukuta umesimama tu husema, "Mbona umeduwaa?" ama "Wabung'aa nini, mwanangu?" Ukiitwa jina wazindukana. Lakini mtu akiletewa habari nzito, nyanya hasemi ameduwaa, husema ameshikwa na bumbuwazi. Huyo huitwa mara tatu na asisikie.

Morogoro: Si msiba tu. Mwaka 2021 mkunga alinitokea mlangoni: "Hongera baba, wa kike." Sijajibu, akaongeza, "Usiondoke, kuna mwingine." Hatukuwa tumepiga picha ya tumbo hata mara moja. Nilibaki nimekumbatia beseni lenye kanga za mtoto mmoja, machozi yananitoka na sijui kama nalia. Mama mkwe ndiye aliyeninyang'anya beseni akanikalisha kwenye benchi.

Tabora: Dada, pole kwa baba. Yangu ilikuwa 2009. Nimeanza kuiandika mara mbili hapa, nimefuta.