Kurudi chuo kikuu nikiwa na miaka 46, Lubumbashi

Mama Kemia: Jamani, nafundisha kemia sekondari, Katuba. Wanangu wamekua. Sasa natamani masta pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, nichunguze jinsi shaba na kobalti zinavyofika kwenye maji ya mito. Wanafunzi huniuliza hilo, na vitabu vyangu havitoshi tena. Lisansi yangu ni ya zamani, kabla ya LMD, ule mfumo mpya wa lisansi, masta na udaktari. Nianzie wapi?

Yaya wa Kamalondo: Mama, nenda sekretarieti ya fakalte na diploma zote. Masta ni kredi 120, miaka 2. Lisansi yako ilikula miaka 5, gradua ya mwanzo 3 na lisansi yenyewe 2. Uliza wanavyoihesabu kabla hujalipa chochote.

Papa Kampemba: Na minerval, yaani ada ya masomo, uliza kama inalipwa kwa vipande.

Mama Kemia: Asanteni. Jumatatu niko kampasi ya Kasapa!