MJADALA: Vitu vya mtoto vilivyotumika, kuuza nusu ya bei ni haki au ni tamaa?

MzeeWaRisiti: Wakuu, heshima kwenu. Mtoto sasa anakimbia, kigari chake cha kusukumwa kimekaa tu kinakula nafasi. Magurudumu mazima, breki inashika, kitambaa kimepauka kidogo upande mmoja. Nimeweka nusu ya bei ya dukani na risiti ninayo. Tangu asubuhi ni "mwisho ngapi?", na mmoja kataka robo, tena nimpelekee mpaka mlangoni. Nyie mnapangaje bei? Na kuna vitu havifai kuuzwa kabisa?

Shangazi_Mkali: Vitu vya mtoto haviuzwi, hupokezanwa. Kigari umeshakifaidi, sasa unataka na hela yako irudi? Na mama mtoto anajua kwamba unauza?

MzeeWaRisiti: Mama mtoto kaingiaje hapa? Nimeuliza bei.

Shangazi_Mkali: Nimeuliza tu. Mbona umeruka?

Bi_Hesabu: Turudi kwenye bei. Nguo za mtoto mchanga usiuze moja moja, utazeeka nazo. Funga furushi la ukubwa mmoja, uza kwa pamoja, maana mnunuzi anajua zitavaliwa wiki chache tu. Kigari ambacho toleo lake bado liko madukani kinaweza kufika nusu. Toleo likishatoka sokoni, theluthi ushukuru. Na risiti inathibitisha kwamba ni chako, haipangi bei. Mnunuzi halinganishi na ulichotoa wewe, analinganisha na kipya cha bei rahisi anachoweza kukipata leo.

MzeeWaRisiti: Jina langu limekukera nini dada? Anayetunza risiti anatunza na kitu. Huo ni ushahidi wa tabia.

Bi_Hesabu: Haya, uza tabia basi.

Dereva_Mstaafu: Mnabishania kigari, kumbe hatari iko kwenye kiti cha mtoto cha kwenye gari. Kigeuze, kwenye stika au kwenye plastiki yenyewe kuna tarehe. Vingi mwisho wake ni miaka 6 hadi 10 tangu kutengenezwa. Na kikishapata ajali kubwa hakifai tena, hata kama ufa hauonekani. Sasa niambieni, muuzaji usiyemjua atakwambia kiligongwa? Hapo hata bei ya kutupa ni ghali.

Kijana_Wa_Mtumba: Hizo tarehe ni ujanja wa viwanda ili tununue vipya kila siku. Plastiki inaoza?

Dereva_Mstaafu: Haiozi, inachoka. Gari likikaa juani mchana na kupoa usiku kwa miaka, plastiki inapoteza ugumu wake. Halafu viwango navyo vinabadilika. Ulaya viti vya R44, kiwango cha zamani cha usalama, vimeondolewa madukani tangu Septemba 2024, sasa vinauzwa vya R129, kiwango kipya. Kama una cha zamani ruhusa kukitumia, lakini ujue unachonunua.

Kijana_Wa_Mtumba: Ulaya, Ulaya. Wewe unaendesha huko?

FundiMbao: Mimi nazungumzia vitanda. Vile ambavyo ubavu mmoja unashuka, Marekani ilivipiga marufuku 2011, na si vipya tu, hata kumuuzia mwenzio kilichotumika hairuhusiwi. Vyuma vya kushikilia vinalegea, ubavu unaachia, mtoto anabanwa kati ya ubavu na godoro. Na pengo kati ya mti na mti lisizidi sentimita 6 hivi, la sivyo mwili unapita kichwa kinabaki.

Shangazi_Mkali: Sisi tulilala humo humo, mbona tupo?

FundiMbao: Ambao hawapo hawawezi kuja kuchangia hapa, Shangazi.

Shangazi_Mkali: Lugha hiyo kamtumie fundi mwenzio.

Kaka_Mpole: Na vile vigari vya kujifunzia kutembea, si kuna nchi ukikutwa unauza unashitakiwa? Uswidi kama sikosei.

Bi_Hesabu: Kanada. Tangu 2004, hata mtu binafsi anayeuza vitu vyake vilivyotumika haruhusiwi. Watoto walikuwa wanaviringika navyo kwenye ngazi.

Kaka_Mpole: Sawa, Kanada. Ila jamani, swali la Shangazi lina uzito. Mke wangu aliuza kitanda bila kunishirikisha. Mwezi uliofuata akanionyesha kipimo. Tukaanza kutafuta kitanda upya.

Kijana_Wa_Mtumba: 😂😂 Ungemfuata aliyekinunua.

Kaka_Mpole: Nilimfuata. Alitaka zaidi ya alichotoa. Eti kakipaka rangi.

FundiMbao: Rangi gani? Ya nyumba ya zamani huwa na madini ya risasi, ni sumu, na mtoto anatafuna ubao.

Bi_Hesabu: Mnaona mnavyosema "bila kunishirikisha"? Nani alikuwa anakikunja, anakifuta maziwa, anabadilisha shuka usiku? Mwenye kazi ndiye mwenye kitanda.

Kaka_Mpole: Na aliyekilipia?

Bi_Hesabu: Amekilipia mtoto, hakujilipia yeye.

MzeeWaRisiti: Ndugu zangu, kigari...

Kijana_Wa_Mtumba: Mzee tulia, hapa ndipo penye utamu. Bi Hesabu, kwa hiyo hela ya mauzo ni ya mtoto? Ifunguliwe akaunti?

Bi_Hesabu: Mtoto anahitaji viatu. Hela iende kwenye viatu, wewe na akaunti yako mkae pembeni.

Shangazi_Mkali: Mngegawa bure haya yote yasingetokea. Ndoa zingekuwa na amani.

MzeeWaRisiti: Shangazi, mama mtoto ndiye aliyepiga picha za tangazo. Umeridhika?

Shangazi_Mkali: Basi mwachie na bei aipange yeye. Labda ana huruma kuliko wewe.

Dereva_Mstaafu: Kuna hata mmoja aliyekwenda kuangalia tarehe ya kiti chake tangu niandike?

Kaka_Mpole: Nimetoka kuangalia sasa hivi. Stika imebanduliwa.

Dereva_Mstaafu: Unaona! Aliyekuuzia alisemaje?

Kaka_Mpole: Sikuuziwa. Nilipewa bure, na shangazi.

Shangazi_Mkali: Shangazi yupi? Msinichafue.